Mnara Uwanjani Kwangu, Kivuli Uwanjani kwa Jirani

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanaikumbuka vema foni ya misioni. Ni ile redio ya kusema na kusikia, iliyowekwa katika chumba kidogo karibu na ofisi ya padri, na waya wake ukatundikwa nje kati ya miti miwili. Asubuhi, saa iliyopangwa, misioni moja iliita nyingine: mgonjwa fulani amezidiwa, dawa zimekwisha, daraja limechukuliwa na maji. Waya ule haukumsumbua mtu. Miti ilikuwa mirefu, uwanja ulikuwa mpana, na jirani wa kwanza alikaa mbali.

Lakini tumfikirie baba mmoja anayekaa mjini, katika mtaa ambamo nyumba zimepangwa mstari, ua kwa ua. Naye ana redio ya namna ile ile, naye anahitaji kuinua waya wake juu. Miti hana. Anataka kusimamisha mnara wa chuma wa meta 20 nyuma ya nyumba yake, katika kiwanja alichokinunua kwa fedha yake mwenyewe. Je, hana haki? Na jirani yake, ambaye kila asubuhi akifungua dirisha atakiona chuma kile mbele ya mawingu, yeye naye hana haki?

Swali hili limewasumbua watu wa Marekani kwa miaka mingi, hata likafika mbele ya majaji wa mahakama za rufani. Tumeona yafaa kuwasimulieni habari zake. Kwani ugomvi wa mnara ni ndugu wa kila ugomvi wa majirani: wa mti unaoangusha majani uani kwa mwenzako, wa ukuta unaoziba njia, wa ngoma inayolia usiku.

WATU WA REDIO YA RIDHAA

Kwanza tujue ni watu gani hao. Katika Marekani wako watu zaidi ya 700,000 wenye hati ya serikali ya kutumia redio ya ridhaa, maana yake redio inayotumiwa kwa kupenda, bila mshahara wala biashara. Hati hiyo haitolewi bure bure. Sharti mtu afanye mtihani juu ya umeme, juu ya mawimbi ya redio na juu ya sheria. Akishinda, anapewa herufi na tarakimu zake za kujitambulisha hewani, wala haruhusiwi kulipwa kwa habari anazozipeleka.

Chama chao kikubwa ni ARRL, kilichoanzishwa mwaka 1914 na Bwana Hiram Percy Maxim wa mji wa Hartford, katika jimbo la Connecticut. Asili yake ni jambo dogo. Bwana Maxim alitaka kumpelekea habari mtu wa Springfield, mji usio mbali sana na kwake, lakini usiku ule mawimbi yake hayakufika. Akakumbuka kwamba yuko mwenzake mwingine huko Windsor Locks, katikati ya njia. Akampa huyo habari, naye akaipokeza mbele. Hapo Bwana Maxim aliona kwamba watu wadogo, kila mmoja na mashine yake hafifu, wakishikana mikono wanaweza kuvuka nchi nzima.

Basi kazi hii ni ya kupokezana tangu mwanzo, wala si mchezo tu wa kupotezea saa. Siku ya msiba ndipo faida yake huonekana. Mwezi wa 9 mwaka 2017 tufani iliyoitwa Maria iliangusha nyaya za umeme na za simu katika kisiwa chote cha Puerto Rico. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba kwa chama cha ARRL watu 50 wa redio ya ridhaa. 22 walipelekwa kisiwani, wakapeleka habari za watu waliookoka kwa ndugu zao waliokuwa wakingoja kwa machozi.

KWA NINI MNARA MREFU?

Labda mtauliza: Kwani mtu huyo hawezi kuuweka waya wake darini, akaacha kuwaudhi wenzake? Hapo ndipo penye kiini cha shauri.

Mawimbi ya redio yana urefu wake. Yale ambayo watu hawa huyapenda kwa safari ndefu yana urefu wa meta 20 hivi. Antena ikiwekwa chini, karibu na ardhi, nguvu yake nyingi hupanda juu mbinguni na kupotea. Ikiinuliwa kufika kimo cha wimbi lenyewe, yaani meta 20, nguvu ile hutoka kwa ulalo, ikapita chini chini kuelekea upeo wa macho, na kuruka bahari. Ni kama taa. Ukiiweka sakafuni, inaangaza miguu ya meza. Ukiitundika, inaangaza chumba kizima. Mafuta ni yale yale.

Kwa hiyo baba yule anapoomba meta 20, hazitaji kwa majivuno. Antena iliyo chini mno humfanya mwenye redio kuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Anaweza kujaribu kuongeza nguvu za mashine, lakini hiyo haitamsaidia kuwasikia wengine walio mbali, na zaidi ya hayo huzidisha hatari ya kuwasumbua majirani.

JIRANI NAYE ASEMA KWELI

Tusikie sasa upande wa pili. Ni vibaya kumdharau jirani na kumwita mjinga, kwani hofu zake nyingi zina msingi.

Asema: "Mnara utaanguka juu ya paa langu, na wanangu wamelala." Ni kweli, mnara uliojengwa ovyo huanguka. Upepo hausukumi chuma peke yake. Husukuma na antena iliyo kileleni, na katika nchi za baridi barafu hushikamana na vyuma na kuongeza uzito. Ndiyo maana sharti mhandisi apige hesabu, shimo lichimbwe, zege imwagwe ya kutosha. Kama mnara ni mwembamba, unashikiliwa na kamba za chuma pande tatu. Kwa mnara wa meta 20, kamba hizo mara nyingi hufungwa ardhini mbali na shina lake, kama meta 16. Mwenye kiwanja kidogo hana nafasi hiyo, naye anapaswa kutafuta mnara wa namna nyingine, ulio mnene na wenye msingi mzito.

Asema tena: "Watoto wataupanda." Kweli tupu. Mtoto akiona ngazi hupanda. Basi sehemu ya chini izungushiwe mabati au ua wenye kufuli.

Asema: "Utaleta radi." Mnara mrefu waweza kupigwa na radi, kama vile mti mrefu. Dawa yake ni nyaya nene za kuuteremsha umeme ardhini, zilizofungwa na fundi ajuaye kazi.

Asema: "Televisheni yangu itaharibika." Mambo haya hutokea, ingawa mara nyingi kosa liko katika chombo cha nyumbani kisichokingwa vema. Tangu mwaka 1982 sheria ya Marekani imeweka mashauri ya namna hii mikononi mwa Tume ya Serikali ya Mawasiliano, iitwayo FCC, wala si mikononi mwa halmashauri ya mji. Lakini mwenye redio aliye muungwana hangoji Tume. Huenda mwenyewe kwa jirani, akatazama, akasaidia kuondoa kasoro.

Asema: "Mawimbi yatatudhuru mwilini." Mwaka 1996 Tume ile ile iliweka mipaka ya nguvu ambazo mwili wa binadamu waweza kukutana nazo, na mwenye redio anapaswa kuhakikisha kwamba hapiti mipaka hiyo. Hapa mnara mrefu ni rafiki, kwani huiweka antena mbali na watu.

Mwisho asema: "Ni mbaya kwa macho." Jibu la hesabu hapa halipatikani. Uzuri wa mtaa ni mali ya wote, na anayeupunguza amechukua kitu cha mwenzake, hata kama hakukitia mfukoni. Hiyo ndiyo hoja inayorudi mara nyingi katika vikao vya miji, nayo ndiyo iliyo ngumu kumalizwa.

SHERIA YA MWAKA 1985

Zamani miji mingi ya Marekani ilijiwekea kanuni zake za majengo, na katika kanuni hizo minara ya redio ilibanwa mno. Mahali pengine kimo kilichoruhusiwa hakikupita paa la nyumba. Mwaka 1984 chama cha ARRL kiliiomba Tume ya FCC iseme neno. Tume ikatoa hukumu yake mwezi wa 9 mwaka 1985. Hukumu hiyo hujulikana kwa jina la PRB-1.

Ilitangazwa tarehe 19. Asubuhi ya siku ile ile tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji wa Mexico, likaua maelfu ya watu na kukata simu. Katika siku zile za kilio, watu wa redio ya ridhaa walikuwa miongoni mwa waliozitoa habari za mji ule kwenda nje.

Na hukumu ilisema nini? Haikusema kwamba kila mtu ajenge apendavyo. Wala haikutaja kimo ambacho kila mji lazima ukikubali. Ilisema mambo mawili tu. La kwanza: mji unaotunga kanuni juu ya minara sharti uitafutie redio ya ridhaa nafasi ifaayo, kwa kiasi cha haki. La pili: kanuni hizo ziwe ndogo kadiri iwezekanavyo, zisizidi lile lililo lazima kwa ajili ya usalama, afya na sura njema ya mji.

Baadaye majimbo zaidi ya 30 yaliyatia mawazo hayo katika sheria zao. Jimbo la Virginia, mathalan, liliandika hata vipimo. Mahali penye watu wengi, mji hauwezi kuubana mnara chini ya futi 75, yaani meta 23 hivi. Na mahali penye watu wachache, chini ya futi 200, yaani meta 61. Lakini hata huko mji unabaki na neno lake juu ya mahali mnara utakaposimama na jinsi utakavyofichwa.

KESI MBILI

Maneno "kiasi cha haki" ni matamu kuyasikia, lakini ni nani atakayekipima kiasi hicho? Majaji walilazimika kukipima. Tuwape kesi mbili, kwani zafundisha kuliko maelezo marefu.

Ya kwanza ni ya Mendota Heights, mji mdogo karibu na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Kanuni za mji zilitaka antena zisipite futi 25, yaani meta 7 na nusu. Mama mmoja mwenye hati ya redio aliomba mnara wa futi 68, karibu meta 21. Majirani wakapinga, na halmashauri ikakataa. Mama akaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza iliupa mji ushindi. Lakini mwaka 1994 mahakama ya rufani ikaipindua hukumu hiyo. Majaji walisema kwamba haitoshi mji kuweka haki ya mtu upande mmoja na haki ya majirani upande wa pili, kisha kuchagua. Sharti mji uyachunguze maombi, utaje mambo uliyoyaona kuwa kweli, na ujaribu kupatana na mwombaji. Mji ule haukufanya hivyo, kwa hiyo ukashindwa.

Ya pili ni ya wilaya ya Boulder, katika jimbo la Colorado, chini ya milima. Bwana mmoja aliomba mnara mrefu wa kupandishwa na kushushwa. Wilaya ilikataa, naye akashtaki. Lakini hapa majaji wa rufani, katika mwaka 1993, waliupa utawala haki. Kwa nini? Kwa sababu wakubwa wa wilaya waliyachunguza maombi yake, walitaja sababu, na walijaribu kutafuta mapatano naye. Sheria haikuwadai zaidi ya hayo.

Tazameni jambo hili. Katika kesi moja mwenye redio alishinda, katika nyingine alishindwa, wala hukumu hizo mbili hazipingani. Majaji hawakuuliza sana mnara una meta ngapi. Waliuliza: Ni nani aliyekaa chini na kuzungumza kwa moyo wa kupatana? Mwenye nguvu asiyetaka kusikiliza alishindwa, na yule aliyesikiliza akalindwa.

NJIA YA MWENYE BUSARA

Turudi kwa baba yetu wa mwanzo. Akitaka ruhusa, yafaa apite njia ipi? Haraka haraka haina baraka. Wenye uzoefu hufuata hatua hizi.

Kwanza, kabla ya kununua hata msumari mmoja, aende ofisi ya mji na kuomba kanuni zilizoandikwa. Azisome mwenyewe. Asitosheke na maneno ya karani, kwani karani aweza kukosea, na mnara uliojengwa kwa neno la mdomo waweza kuangushwa kwa neno la karatasi.

Pili, aandike hati ya mapatano yake ya ununuzi mezani na kuichunguza. Sababu yake tutaieleza chini.

Tatu, achore ramani ya kiwanja: nyumba iko wapi, mipaka iko wapi, mnara utasimama meta ngapi kutoka ua wa kila jirani. Pamoja na ramani aweke hesabu za mhandisi juu ya upepo, barafu na msingi. Mnara ukipita futi 200, sharti wakuu wa safari za ndege nao waarifiwe. Na karibu na uwanja wa ndege hata mnara mfupi zaidi waweza kuhitaji kibali chao.

Nne, na hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, awaendee majirani kabla barua ya mji haijawafikia. Kwani katika miji mingi, mtu akiomba kibali cha pekee, halmashauri huwaarifu walio karibu na kuwaita kwenye kikao cha wazi. Jirani anayepata habari kwanza kwa barua ya serikali huja kikaoni na hasira tayari. Jirani aliyekaribishwa nyumbani, akaonyeshwa mashine, akasikia sauti ya mtu wa nchi ya mbali ikimsalimu, huja na maswali tu. Na maswali yana majibu.

Tano, awe tayari kupunguza. Labda mnara usogezwe nyuma ya miti. Labda uwe wa kushushwa wakati hautumiki. Labda meta 20 ziwe 17. Anayekuja kikaoni na neno moja tu, "Sheria iko upande wangu", amewafunga wazee wa mji midomo lakini hajawapata mioyo yao.

Sita, kibali kikitolewa, ajenge kama alivyochora, wala asiongeze hata kipande. Kisha amwite mkaguzi aje aone.

MAHALI SHERIA ISIPOFIKA

Liko jambo moja ambalo limewavunja moyo wengi. Katika Marekani mitaa mingi mipya hujengwa chini ya mapatano ya wenye nyumba. Anayenunua nyumba hutia sahihi kwamba atafuata kanuni za mtaa: rangi ya ukuta, namna ya ua, na mara nyingi kwamba hataweka antena yoyote nje. Hukumu ya mwaka 1985 inazihusu serikali na miji. Haikuyagusa mapatano ya watu binafsi, kwa sababu mwenye nyumba aliyakubali mwenyewe.

Wenye redio walijaribu kulibadili jambo hilo. Mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliupokea muswada wao, na mwaka 2017 likaupokea tena, lakini mara zote mbili haukupita katika Seneti. Waliopinga walisema: Ahadi ni ahadi. Waliotaka walijibu: Mtu hawezi kuuza kwa sahihi moja msaada ambao mtaa mzima utauhitaji siku ya tufani. Pande zote mbili zina neno la kweli, na ndiyo sababu shauri limekuwa gumu. Basi mwenye busara huisoma hati kabla ya kutia sahihi, si baadaye. Wengine waliokwisha kutia sahihi huficha waya mwembamba darini au katika mti, wakaridhika na sauti ndogo.

NASI JE?

Tumewapeleka mbali, lakini twadhani njiani mmeiona mitaa yenu wenyewe. Kila mtu ajengaye hujenga mahali pawili: katika kiwanja chake, na katika macho ya jirani yake. Hati ya ofisi yatosha kwa kiwanja. Haitoshi kwa jirani.

Lakini jirani naye ana wajibu wake. Asikatae kwa sababu tu jambo ni geni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wamesema wazee wetu. Siku nyaya za simu zitakapokatika na maji yatakapoingia mitaani, msaada wa kwanza hautatoka mji mkuu. Huenda ukatoka nyuma ya nyumba ya pili, kwa yule baba mwenye chuma kirefu, anayekesha na taa ya betri akiita jina la mtaa wenu hewani, mpaka mtu amjibu.

Basi yeye aliye na haja ya kujenga, abishe hodi leo. Naye aliye ndani, afungue mlango, asikilize mpaka mwisho, ndipo aseme ndiyo au la.